Mbu na kupe katika lupango: kazi gani tufanye wenyewe, kazi gani tuite fundi?



Mwezi huu somo letu si la kahawa wala la viazi. Ni juu ya lupango: pale watoto wanacheza, mbuzi wamefungwa, kuku wanakwarua, na mama anapika sombe jioni. Wengi wetu, sababu ya usalama mubaya kule mashambani, tumeleta nyama zetu karibu na nyumba. Kwa hiyo mbu na kupe nao wamekuwa majirani.

Nitaanza na jambo lililotokea kwetu. Mwaka jana mtu mmoja alipita katika Rughenda akiwa na pompi mgongoni. Alipiga hodi kwa dada yangu mkubwa, akasema anamaliza mbu na kupe kwa siku moja. Walipatana bei. Alipulizia majani, ukuta wa miti, kibanda cha mbuzi, na kando ya kidimbwi cha samaki kule bondeni. Jioni ile kweli mbu hawakusikika. Watu wote walifurahi.

Kesho yake asubuhi tilapia walikuwa wanaelea, tumbo juu. Lakini hiyo haikuwa hasara kubwa. Dada yangu alitoa mustikeri juu ya kitanda cha watoto, akafunikia kitalu cha shu. Alisema: "Dawa ilipita, mustikeri ni ya nini tena?" Juma lile nilipita pale kumusalimia. Niliona mustikeri juu ya shu. Nilisema tu kwamba kitalu kimefunikwa muzuri. Mimi agronomu, niliangalia shu na sikuuliza watoto wanalala chini ya nini.

Juma la tatu, mtoto wa mwisho, wa miaka 3, alishikwa na malaria kali, akatetemeka mwili wote, akaongezewa damu. Alipona, tunamshukuru Mungu. Nilipomtafuta yule mtu wa pompi na kumuuliza ni dawa gani, alinionyesha chupa ya juisi. Haikuwa na karatasi hata moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kile ambacho leo nawauliza ninyi: kati ya kazi za kupigana na mbu na kupe, zipi ni zetu wenyewe, na zipi ni za fundi? Maana makosa yako pande mbili. Kuna mtu anayelipa pesa kwa kazi ambayo mikono yake ingefanya bure. Na kuna mtu anayeshika sumu mwenyewe kwa kazi iliyohitaji mtu aliyesoma.

1. Tujue kwanza adui

Mbu si wa aina moja. Mbu wa malaria, anofele, anauma usiku, sana sana kuanzia watu wanapolala. Anapenda kutaga katika maji yasiyo machafu sana na yenye jua: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe bondeni, maji ya mvua katika barabara, kando ya kidimbwi chenye majani. Mbu wa choo na mifereji michafu ni mwingine. Anasumbua masikio, lakini siye anayeleta malaria. Wa tatu ni yule mweusi mwenye madoadoa meupe. Anauma muchana, anataga katika mikebe, mipira ya gari iliyotupwa na mapipa ya maji.

Namna ya kuwatambua ni rahisi. Chota maji katika sahani nyeupe. Ukiona viluwiluwi vinalala sawasawa juu ya maji, kama kijiti kinachoelea, hao ni anofele. Vikining'inia kichwa chini, ni wale wengine. Kila mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hii.

Toka yai mpaka mbu anayeruka, inachukua karibu siku 7 mpaka 14. Hapa Butembo kwenye baridi inaweza kuzidi, kule Beni kwenye joto inaenda haraka. Shikeni hesabu hii: maji yanayomwagwa kila siku 7 hayazai mbu.

Sasa kupe. Kupe mukahawia wa masikio ndiye anayeleta ndigana kwa ng'ombe, ile veterineri anaita teileriozi. Anaishi mara tatu: mdogo kabisa, wa katikati, na mukubwa. Kila mara anapanda juu ya mnyama, anakunywa damu, anaanguka katika majani, anabadilika, na anatafuta mnyama mwingine. Jike mmoja aliyeshiba anaanguka na kutaga mayai elfu kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake iko katika majani, si juu ya ng'ombe. Na jambo lingine la faida: kupe mwenye ugonjwa anapojishika kwa ng'ombe, hamwambukizi papo hapo. Kimelea kinahitaji siku 3 ao 4 hivi za kukomaa katika mate yake. Ukimtoa mbele ya hapo, umeokoa ng'ombe.

Kuna pia kupe wa nyumba, papasi, ambaye sehemu nyingine za Kongo wanamuita kimputu. Anajificha katika nyufa za sakafu ya udongo na ukuta, anatoka usiku, anakunywa damu, anarudi. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila chakula. Homa yake inakuja, inaacha, inarudi tena. Ugonjwa huu ulichunguzwa hapa hapa mashariki ya Kongo: daktari Muingereza Joseph Everett Dutton alikufa kwa homa hiyo Kasongo, katika Maniema, mwaka 1905, akiwa katika kazi ya kuichunguza. Kimelea chenyewe kilipewa jina lake.

2. Kazi ya mikono yetu

Kazi hizi hazihitaji fundi wala sumu. Zinahitaji siku moja katika juma, kwa mfano siku ya posho wakati wa salongo.

Maji. Mwaga na sugua kila chombo: mikebe, sahani ya kuku, pipa, mpira wa gari. Funika pipa la maji ya mvua kwa kitambaa kilichofungwa vizuri. Fukia shimo la matofali mara tu matofali yanapochomwa. Kama ni kubwa, lifungulie mfereji ao lifanye kidimbwi na utie tilapia, sababu tilapia wanakula viluwiluwi. Lakini kata majani kando ya kidimbwi. Pale majani yanapoingia majini samaki hawafiki, na mbu wanazaa kwa amani. Msimwage mafuta ya moteri katika maji. Yanaharibu kisima na udongo kwa muda mrefu.

Mustikeri. Kila mtu alale chini yake kila usiku, zaidi watoto na mama wenye mimba. Ichomekwe chini ya godoro. Ioshwe taratibu kwa sabuni ya kawaida na ianikwe kivulini, si juani. Haikutengenezwa kwa shu, kwa kuku, wala kwa kuvua samaki. Kwa kitalu tuna majani ya ndizi na matete.

Kupe kwa mkono. Kila jioni pitisha mkono kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele, kati ya mapaja. Vuta kupe pole pole ukishika karibu na ngozi. Usimpasue kwa vidole. Kuna homa ya kutokwa damu inayopita kwa damu ya kupe. Moja ya virusi vya kwanza vyake ilipatikana Stanleyville, leo Kisangani, mwaka 1956, ndiyo sababu jina lake lina neno Kongo. Vaa plastiki mkononi, tia kupe katika mkebe wenye maji ya sabuni, kisha uchome.

Majani. Kata majani marefu kuzunguka kibanda. Ukimlisha ng'ombe nyumbani, leta majani toka mahali ambapo ng'ombe wengine hawapiti. Mbuzi wa jirani akiingia kila siku, analeta kupe wake.

Nyumba. Ziba nyufa za sakafu na ukuta. Mwenye uwezo aweke sakafu ya simenti. Ni adui mukubwa wa papasi. Kitanda kisigusane na ukuta, na mtu asilale chini.

3. Na dawa za miti?

Watu wengi wananiuliza. Kivu ililima pareti miaka mingi, na dawa yake kweli inaua wadudu. Lakini pareti ya asili inaharibiwa haraka na jua. Ukiinyunyiza asubuhi juu ya majani, usihesabu kwamba kesho iko. Kile kichaka kinachopandwa ili kuua samaki pia kinatumiwa juu ya kupe, na kina nguvu. Lakini jina lake linasema yote: kinaua samaki. Kitu kutoka mutini si lazima kiwe salama. Msioshe ndoo yake mtoni.

4. Kazi ya fundi

Kuna kazi nne ambazo nawaomba msizifanye kwa kubahatisha.

Ya kwanza, kupulizia kuta za ndani. Anofele wengi, wakiisha kukunywa damu, wanapumzika juu ya ukuta. Dawa inayobaki ukutani miezi kadhaa inawaua pale. Hiyo ndiyo kazi ya pompi ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakubali kuwa moja ya silaha kubwa za malaria, pamoja na mustikeri. Lakini lazima dawa iwe ya kazi hiyo, ipimwe kwa eneo la ukuta, na nyumba itolewe vyakula na vyombo. Kupulizia hewa na majani ya lupango ni kitu tofauti kabisa: kunaua mbu wanaoruka saa ile, na kesho wengine wanatoka bondeni kwa jirani.

Ya pili, ugonjwa wa ng'ombe. Ukiona homa, tezi kuvimba chini ya sikio, ng'ombe anaacha kula na kupumua kwa shida, usisubiri. Dawa ya ndigana inasaidia ikitolewa mapema. Mwite veterineri siku ile ile. Yeye pia ndiye anayechagua dawa ya kuogeshea na kusema ni wakati gani wa kubadilisha, sababu kupe wanazoea dawa moja.

Ya tatu, nyumba iliyojaa papasi. Hapo dawa inaingia katika nyufa ambamo watu wanalala. Si kazi ya mtu wa kupita.

Ya ine, bonde zima lenye maji. Kuna dawa ya viluwiluwi inayotoka kwa bakteria, isiyoua samaki wala nyuki, lakini inahitaji mtu anayejua kipimo na siku za kurudia. Bonde ni la watu wote. Parseli moja ikitengenezwa peke yake haisaidii sana.

Jambo moja la kukumbuka. Wakati wa Ebola, toka tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, tuliona pompi nyingi katika parseli zetu. Ile ilikuwa klori ya kuua virusi. Haikuwa dawa ya mbu. Hata katikati ya Ebola, mwezi wa 11 mwaka 2018, kule Beni waliendesha kampeni ya malaria: dawa za kumeza na mustikeri nyumba kwa nyumba. Walijua kwamba homa ya malaria ilikuwa inajaza vituo na kuchanganywa na Ebola. Basi tusiogope kila pompi, na pia tusiamini kila pompi. Tuulize iko na nini ndani.

5. Maswali matano kabla ya kufungua mlango

Mtu akija na pompi, mwambie: "Karibu baba, tuulizane kwanza."

1. Dawa inaitwa nani? Nionyeshe chupa yake ya kwanza, yenye karatasi.
2. Karatasi inasema ni ya kazi gani? Dawa ya shamba si ya nyumba. Dithane, kwa mfano, ni ya ukungu wa viazi na tomati. Haiui mbu wala kupe hata ukimwaga pipa.
3. Unapima na nini, na maji litri ngapi?
4. Mahali gani hutapulizia? Akisema "nitapulizia pote", huyo hajui kazi. Kidimbwi, kisima, mizinga ya nyuki, jiko na lenga-lenga ya kula vinaachwa.
5. Dawa itakayobaki utaipeleka wapi, na watoto watarudi saa ngapi?

Asiyejibu maswali haya, mshukuru na ufunge mlango. Dada yangu angeuliza swali la kwanza tu, samaki wangekuwa hai.

6. Ukiogesha ng'ombe mwenyewe: kipimo

Koperative nyingi zina pompi na zinanunua amitrazi. Hii tunaweza kufanya wenyewe, kama veterineri ametuonyesha mara ya kwanza. Soma karatasi ya chupa siku zote. Hiyo ndiyo inatawala. Kwa amitrazi ya 12,5 %, kipimo cha kawaida kwa ng'ombe ni mililitri 2 kwa kila litri 1 ya maji.

Tufanye hesabu. Pompi ni ya litri 16. Basi 2 mara 16 ni mililitri 32. Pima kwa seringi ya plastiki inayobaki kwa kazi hiyo tu. Usipime kwa kifuniko, sababu vifuniko havilingani.

Sasa mtu anayetaka kulinda mfuko wake anatia mililitri 16. Anaona kupe wamepungua, anafurahi. Lakini wale walio dhaifu ndio wamekufa. Wenye nguvu wamebaki na ndio wanaozaa. Baada ya muda dawa ile haifanyi kitu tena, hata kwa jirani aliyepima vizuri. Anayetia mingi naye anachoma ngozi na kuharibu maziwa. Kipimo si cha kubishana kama bei ya sokoni.

Ng'ombe mukubwa anahitaji litri 4 ao 5 za maji ya dawa, aloe mpaka ngozi: masikio kwanza, kisha shingo, tumbo, kiwele, chini ya mkia. Kupulizia mgongo tu ni kumpaka ng'ombe manukato. Mvua ikitaka kunyesha, subiri. Usitumie amitrazi kwa paka wala farasi.

7. Tulinde mwili

Vaa mikono mirefu, boti, glovu na kitu cha kufunika mdomo na macho. Simama upande upepo unakotoka. Usile, usivute sigara. Ukimaliza, oga kwa sabuni, na nguo zioshwe peke yake, mbali na za mtoto.

Chupa tupu ioshwe mara tatu, maji yale yarudishwe katika pompi, kisha itobolewe. Usiiuzie mama wa mafuta ya ngazi wala kuweka maziwa. Na usiweke dawa katika chupa ya juisi ao ya bia; mtoto hasomi, anaona juisi.

Mtu akitokwa na jasho na mate mengi, akitapika, akiona giza ao akisinzia bila sababu kisha kushika dawa, mutoe nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenye karatasi. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa. Karatasi ile inamwonyesha daktari njia.

8. Tufanye nini kama koperative?

Nyumba moja haiwezi kulipa fundi mwenye ujuzi kila mara. Nyumba ishirini zinaweza. Napendekeza kila kikundi kichague wanamemba wawili, mwanaume na mwanamke, wafundishwe na veterineri. Pompi moja ibaki ya kupe tu, isichanganywe na ile ya dawa ya shamba. Na daftari moja iandike tarehe, jina la dawa, kipimo, na nyama walioogeshwa. Pesa itakayobaki kwa kutomlipa mtu wa kupita ilipe veterineri.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika parseli yako, maji yanasimama mahali ngapi? Zunguka leo na uhesabu.
2. Mustikeri za nyumba yako ziko wapi usiku huu? Kila mtu ajibu kwa ukweli, bila kuchekwa.
3. Pompi ya kikundi ni ya litri 20. Utatia mililitri ngapi za amitrazi ya 12,5 %? (Jibu: 40.)
4. Shimo gani la matofali tutafukia katika salongo ijayo, na nani ataleta jembe?

Swali la pili ndilo naona kubwa. Kwa dada yangu mustikeri imerudi kitandani, na shu zimefunikwa kwa majani ya ndizi. Zimeota vizuri tu. Na mimi nikifika kwa mtu sasa, mbele ya kuangalia shamba, naomba ruhusa nione watoto wanalala wapi.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.